Kwa nini mteja anapiga simu kuuliza kilichoandikwa kwenye tovuti

Malalamiko ya wafanyabiashara wa Dar es Salaam kuhusu tovuti zao yanafanana sana. Tovuti imetengenezwa, imelipiwa, ina picha kali, lakini simu haiachi kuita: "Mko wapi? Bati geji 28 mnauzaje? Mnaleta mpaka Chanika?" Majibu yote matatu yamo kwenye tovuti. Mwenye duka anasema Watanzania hawapendi kusoma. Aliyeitengeneza anasema wateja hawajazoea teknolojia. Jirani anashauri rangi zibadilishwe.

Mara nyingi hakuna aliye sahihi kati yao. Jibu lipo, ila limewekwa mahali ambapo jicho halipiti, au njia ya kulifikia imepewa jina ambalo mteja halitambui. Hayo ni makosa ya mpangilio na urambazaji, na yanaweza kupimwa na kurekebishwa bila kumlaumu mtu.

Kwanza tuelewane maneno. Mpangilio ni uamuzi wa kitu gani kikae wapi kwenye ukurasa, kiwe kikubwa kiasi gani, na kiwe jirani na nini. Urambazaji ni namna mgeni anavyojua yuko ukurasa gani, anavyofika anakotaka, na anavyorudi alikotoka. Menyu ni sehemu moja tu ya urambazaji. Vichwa vya kurasa, viungo vilivyomo ndani ya maandishi, kisanduku cha kutafutia na kitufe cha kurudi nyuma vyote ni sehemu yake. Vipimo tutakavyotumia ni pikseli za kwenye kivinjari: simu nyingi za Android huhesabiwa kuwa na upana wa pikseli 360 hivi, hata kama nukta halisi za kioo ni nyingi zaidi.

Mfano wetu uwe duka la vifaa vya ujenzi la Kariakoo linalouza bati, nondo, saruji, mabomba na rangi, na linalosafirisha mizigo hadi kwa mteja.

Jicho linatafuta kabla ya kusoma

Mtu anayefungua ukurasa hauanzi juu kushoto na kuusoma hadi mwisho kama barua. Anaupitia haraka akitafuta neno linalofanana na alichonacho kichwani. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtafiti wa namna watu wanavyotumia tovuti, alichapisha matokeo ya kufuatilia macho ya watu 232 walipokuwa wakiperuzi tovuti. Umbo lililojitokeza mara nyingi lilifanana na herufi F: mstari wa juu unasomwa karibu wote, mwingine chini yake unasomwa nusu, kisha jicho linateremka ubavuni kushoto likigusa mwanzo wa mistari.

Hapo ndipo uvumi wa kwanza ulipozaliwa. Watengenezaji wengi walichukua herufi F kama ramani ya kufuata, wakajaza mambo muhimu kushoto na kuacha mengine yajitafutie pa kukaa. Umbo lile linaonyesha kitu kingine. Hutokea pale maandishi yanapokuwa bonge moja lisilo na vichwa vidogo wala aya fupi, hadi msomaji akakosa pa kushika. Ukimwekea vichwa vinavyoeleweka, jicho lake linaruka kutoka kichwa hadi kichwa na kusimama kwenye kile anachokihitaji. Kwa hiyo ukiona F kwenye ukurasa wako, ukurasa huo una tatizo.

Kanuni inayoamua mambo mengi kuliko zote ni ukaribu. Mwanasaikolojia Max Wertheimer aliieleza mwaka 1923, miaka mingi kabla ya intaneti: vitu vilivyo karibu huonekana kuwa vya kundi moja. Kwenye tovuti kanuni hii huvunjwa kila siku. Picha ya bati iko juu, picha ya nondo iko chini, na bei imesimama katikati kwa umbali uleule. Bei hiyo ni ya nini? Mteja hajui, na hatakaa kukisia wakati namba ya simu iko pale juu. Dawa ni nafasi. Bei iwe pikseli 8 kutoka kwenye picha yake, na kati ya bidhaa moja na nyingine ziwe 32. Kichwa cha sehemu nacho kiwe mbali na kilichokitangulia kuliko kilivyo mbali na maandishi yake chenyewe, kwa mfano pikseli 48 juu na 16 chini. Kichwa kinachoelea katikati hakina mwenyewe.

Ili nafasi zisichaguliwe kwa kubahatisha, jiwekee vipimo vichache na usitoke humo: 8, 16, 24, 32, 48. Mtengenezaji anayetumia 13 hapa, 19 pale na 27 kule hupata ukurasa unaomchosha mtu bila yeye kujua kinachomchosha. Nafasi tupu, ambayo wenye biashara wengi huiona kama eneo lililopotea, ndiyo inayosema kipi ni cha nani.

Baada ya ukaribu kuna ukubwa. Kwenye simu, maandishi ya kawaida yasishuke chini ya pikseli 16. Vichwa vidogo viwe 20 hadi 22, na kichwa kikuu 28 hadi 32. Ngazi hizo tatu zinatosha. Ukiweka ngazi saba, au ukikoleza wino kila mahali, umerudi ulikoanza, kwa sababu kila kitu kinapopiga kelele hakuna kinachosikika. Jaribio lake ni rahisi: weka simu mezani, rudi nyuma hatua mbili, kisha finya macho hadi maandishi yawe ukungu. Ni vitu gani viwili au vitatu bado vinaonekana? Hivyo ndivyo mteja atakavyoviona kwanza. Kama ni nembo ya duka na picha ya mkurugenzi, basi swali la bati geji 28 halina jibu kwa macho yake.

Rangi ina kazi, ila kazi hiyo ni tofauti na urembo unaobishaniwa kwenye vikao. Jambo la kupima ni tofauti ya mwanga kati ya maandishi na mandharinyuma yake. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, WCAG, unataka uwiano usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa yale makubwa. Kijivu chenye msimbo 999999, kinachopendwa sana kwa sababu kinaonekana cha kisasa, kikiwekwa juu ya nyeupe kina 2.85 kwa 1 tu. Kijivu 767676 kinafika 4.54. Ndani ya ofisi yenye kiyoyozi vyote viwili vinasomeka. Mteja aliyesimama kituoni Ubungo saa saba mchana, jua linapiga kwenye kioo cha simu, cha kwanza hakioni kabisa. Vikokotoo vya uwiano huu vipo mtandaoni bure, unaingiza misimbo miwili ya rangi na kupata jibu.

Kidole gumba na kioo cha pikseli 360

Tovuti nyingi bado hupangwa kwenye kompyuta kubwa, zikaidhinishwa kwenye projekta ya chumba cha mikutano, halafu zikatumiwa na watu wenye simu. Mpangilio unaojirekebisha kulingana na upana wa kioo ulielezwa na Ethan Marcotte mwaka 2010, na leo karibu kila mtengenezaji anasema anaufuata. Hata hivyo kujirekebisha kwa upana peke yake hakutoshi. Safu tatu za kompyuta zinapogeuka safu moja ya simu, kilichokuwa kulia hushuka hadi chini kabisa. Kama namba ya simu, mahali duka lilipo na kitufe cha kuagiza vilikuwa safu ya kulia, mteja atavikuta baada ya kushusha ukurasa mara kumi. Panga simu kwanza: andika kwenye karatasi, kutoka juu hadi chini, mfuatano wa vitu kwa umuhimu wake kwa mteja. Kompyuta ije baadaye, kwa kutawanya mfuatano huohuo kwenye upana uliopo.

Kama tovuti inafunguka kwenye simu ikiwa ndogo kama ya wadudu, hadi mtu avute kwa vidole viwili, mara nyingi umekosekana mstari mmoja tu wa msimbo uitwao viewport. Bila mstari huo, kivinjari cha simu hudhani ukurasa ni wa kompyuta, hukisia upana wa pikseli 980 hivi, kisha huubana wote uenee. Kosa la upande wa pili ni kuzuia kabisa ukuzaji wa ukurasa kwa vidole. Linawaumiza wazee na wenye uoni hafifu, na sijaona faida yake hata moja.

Kuhusu vidole, mwaka 2013 mtafiti Steven Hoober aliwatazama watu 1,333 wakitumia simu mitaani na kwingineko. Kati ya waliokuwa wakigusa kioo, asilimia 49 waliishika kwa mkono mmoja na kugusa kwa gumba. Mtu aliyening'inia kwenye bomba la daladala hana mkono wa pili wa kukusaidia. Ndiyo maana Apple hupendekeza kitu cha kuguswa kiwe na angalau pointi 44 kila upande (pointi hizi zichukulie kama pikseli zetu za kivinjari), na Google 48, ambazo ni kama milimita 9. Toleo la 2.2 la WCAG, la mwaka 2023, limeweka kiwango cha chini kabisa cha pikseli 24, lakini hicho ni kiwango cha kutofeli. Lenga 48, na acha pikseli 8 kati ya kitufe na kitufe. Sababu yake iliandikwa na mwanasaikolojia Paul Fitts mwaka 1954: kadiri lengo linavyokuwa dogo na mbali, ndivyo mkono unavyochelewa na kukosea.

Kuna kosa moja ambalo limeenea hapa kwetu: kitufe cha WhatsApp kinachoelea pembeni kulia chini. Wazo ni zuri, ila mara nyingi kinakaa juu ya kitufe cha "Endelea" au "Lipa" kwenye fomu. Mteja anataka kulipa, anafungukiwa WhatsApp. Kiondoe kwenye kurasa za malipo, na kwenye kurasa nyingine acha nafasi tupu ya pikseli 80 mwishoni ili chochote kilicho chini yake kiweze kupandishwa.

Kuna na ukurasa unaoruka. Unataka kugusa "Mabomba", picha ya juu inamaliza kupakuliwa, kila kitu kinashuka, kidole kinatua kwenye "Rangi". Hutokea pale picha inapowekwa bila kutajwa upana na urefu wake kwenye msimbo, hivyo kivinjari hakiitengi nafasi mapema. Google hupima mruko huo na hutaka alama isizidi 0.1. Hutaka pia kitu kikubwa zaidi cha kwenye kioo kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5. Taja vipimo vya kila picha, na punguza uzito wake kabla ya kuipandisha. Bando linalolika ni la mteja.

Njia na majina yake

Daladala za Dar zina somo zuri la urambazaji. Mbele kumeandikwa safari inaanzia wapi na inaishia wapi, na ubavuni kuna mstari wa rangi ya njia hiyo, kwa hiyo aliye kituoni anajua ipi si yake kabla haijasimama. Kiungo kizuri kinafanya hivyo. Mtu akikisoma ajue kitampeleka wapi, na muhimu zaidi, ajue kisichomhusu bila kukifungua.

Sasa tazama menyu ya kawaida: Nyumbani, Kuhusu Sisi, Dira na Dhamira, Huduma Zetu, Matunzio, Wasiliana Nasi. Aliyekuja kutafuta bei ya bati aguse wapi? "Huduma Zetu" inaweza kuwa na bei, inaweza kuwa na maelezo ya kampuni. Menyu hiyo imepangwa kama mwenye biashara anavyojitazama. Menyu ya mteja ingekuwa: Bati, Nondo na Saruji, Mabomba, Rangi, Usafirishaji, Tulipo. Dira na dhamira zibaki, ila chini kabisa ya ukurasa, ambako anayezihitaji huwa anajua kuzitafuta. Ofisi kubwa zina aina yake ya kosa hili: menyu inafuata idara. Mwananchi anataka kulipia kibali, hajui kinashughulikiwa na kurugenzi ipi, na hapaswi kujua.

Majina sahihi hayapatikani kwa kukaa mezani. Chukua kadi 30 hadi 40, andika kitu kimoja kwenye kila kadi, mpe mteja, mwambie azipange makundi kama anavyoona yeye kisha kila kundi alipe jina. Rudia kwa watu wapatao 15, na mwelekeo utaonekana. Utashangaa ni mara ngapi misumari ya bati inawekwa kundi la bati na si kundi la misumari. Kitu kama hicho kiweke kote kuwili, hakuna sheria inayokataza.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni kwamba wageni wengi hawaingii kupitia ukurasa wa mwanzo. Wanatoka Google, au wametumiwa kiungo cha bati kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, na wanatua moja kwa moja ndani. Kwa hiyo kila ukurasa ujitegemee: jina la duka likiwa juu na likiguswa lirudishe mwanzo, kichwa kikubwa kinachosema ukurasa ni wa nini, na kwenye menyu alama inayoonyesha sehemu aliyopo. Maneno ya kiungo yafanane na kichwa cha ukurasa unaofunguka. Ukigusa "Usafirishaji" ukakuta kichwa "Suluhisho za Ugavi", unadhani umekosea njia. Duka lenye bidhaa nyingi liongeze mstari mdogo wa njia juu ya kichwa: Mwanzo > Bati > Geji 28. Na usifungue kila kiungo kwenye dirisha jipya, maana hapo kitufe cha kurudi nyuma kinakufa na mtu anajikuta na madirisha kumi asiyojua yalikotoka.

Vile vistari vitatu vinavyoficha menyu vilichorwa na Norm Cox kwa ajili ya kompyuta ya Xerox Star ya mwaka 1981. Kwenye simu vinasaidia, lakini si kila mtu anavitambua, na kilichofichwa hutumiwa kidogo. Andika neno "Menyu" kando yake, na njia tatu au nne zinazotafutwa zaidi ziache wazi. Kwenye kompyuta, ambako nafasi imejaa, kuvitumia ni kuficha mlango bila sababu.

Kiswahili nacho kina mahitaji yake. Maneno yetu ni marefu, na kitufe kilichochorwa kwa neno la herufi tano kinapasuka kikiwekewa "Tutakupigia" au "Wasilisha Maombi". Jaza Kiswahili tangu mchoro wa kwanza. Kama tovuti ina lugha mbili, kitufe cha kubadili kiandikwe "Kiswahili", kikae juu, na kikiguswa kimwache mtu kwenye ukurasa uleule. Kumrudisha mwanzo kila anapobadili lugha ni kumpotezea njia aliyokwisha kuipata.

Nambari ya kupiga iwe kiungo kinachofungua simu. Lipa Namba iwe maandishi yanayonakilika. Ikiwa ndani ya bango la picha, mteja anaikariri, anatoka, anaikosea. Bei zilizo ndani ya picha au faili la PDF la ukubwa wa A4 nazo hazisomeki vizuri kwenye simu, na bei iliyo ndani ya picha haipatikani ukurasa unapotafutwa neno.

Sheria zinazosemwa bila kuchunguzwa

"Menyu isizidi vitu saba" imetokana na makala ya mwanasaikolojia George Miller ya mwaka 1956 kuhusu vitu ambavyo mtu anaweza kushikilia kwenye kumbukumbu ya muda mfupi. Menyu iko mbele ya macho, hakuna anayeikariri. Vitu tisa vilivyopewa majina wazi ni bora kuliko vitano vya mafumbo.

"Kila kitu kipatikane kwa mibofyo mitatu." Joshua Porter aliijaribu kanuni hii mwaka 2003 na hakuona watu wakiacha baada ya mbofyo wa tatu, wala kuridhika zaidi pale mibofyo ilipokuwa michache. Kinachochosha ni mbofyo wa mashaka. Mibofyo mitano yenye uhakika inapita kwa urahisi.

"Watu hawashushi ukurasa." Wanashusha, tena sana, ilimradi cha juu kimewapa sababu. Picha moja inayojaza kioo kizima bila maneno humfanya mtu adhani ukurasa umeishia hapo. Acha kipande cha kinachofuata kichungulie.

Picha zinazojizungusha juu ya ukurasa wa mwanzo hupendwa kwa sababu kila idara inapata zamu yake. Erik Runyon alipozipima kwenye tovuti ya Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, mwaka 2013, takribani mgeni 1 kati ya 100 ndiye aliyezibofya, na wengi wa hao waligusa ya kwanza tu. Chagua ujumbe mmoja. Uchaguzi huo ni mgumu kwa wakubwa wa ofisi, ndiyo maana huachiwa mashine izungushe.

Kupima bila gharama

Tafuta watu watano wasioijua tovuti, watumie simu zao wenyewe na bando la kawaida, si Wi-Fi ya ofisi. Wape kazi ambayo wateja hupigia simu: "Tafuta bei ya bati geji 28 na gharama ya kulifikisha Chanika." Usitaje neno lolote lililopo kwenye menyu, ukilitaja utakuwa umewaonyesha njia. Kisha nyamaza. Mtu akikuuliza "niguse hapa?", mjibu "wewe ungefanyaje kama uko peke yako?" Andika mguso wake wa kwanza ulikuwa wapi, alisimama wapi akisita, na neno gani alilitamka alipokuwa akitafuta.

Neno hilo la mwisho mara nyingi ndilo jina sahihi la kiungo. Kama watatu kati ya watano wamesema "delivery" au "kuletewa" na menyu yako inasema "Huduma za Ugavi", umeshapata marekebisho ya kwanza, na yanachukua dakika moja. Rekebisha majina kwanza, kisha mfuatano wa vitu kwenye simu, kisha nafasi na ukubwa. Rangi zije mwisho. Duru ya pili ifanye na watu wengine watano, kwa sababu wale wa mwanzo tayari wameshaijua njia.